Swichi kuu ya ndege: Kwa nini wanaojiundia ndege nyumbani hawaifungi kama swichi ya gari

Kwenye dashibodi ya ndege nyingi ndogo kuna swichi nyekundu iliyogawanyika katikati. Nusu moja imeandikwa BAT, nyingine ALT. Unaibonyeza kwa kidole tu, na kwa safari ya kawaida rubani anaigusa mara mbili: kabla ya kuwasha injini na baada ya kuizima.

Lakini moshi ukianza kutoka nyuma ya dashibodi ndege ikiwa futi 5,000 angani, hiyo ndiyo swichi ya kwanza ambayo mkono wa rubani unatakiwa kuifuata. Hapo swali linabaki moja tu: akiizima, umeme utakatika kweli?

Kwa ndege iliyotoka kiwandani, wahandisi walishalijibu swali hilo zamani. Kwa ndege iliyoundwa na mtu kwenye gereji ya nyumbani kwake, jibu linategemea yeye mwenyewe alivyofunga waya.

Nani hao wanaojiundia ndege?

Marekani ndiko shughuli hii ilikoshamiri zaidi. Sheria za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA, zinamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye yeye. Wenyewe wanaiita kanuni ya asilimia 51.

Chama chao, Experimental Aircraft Association (EAA), kilianzishwa mwaka 1953 na hufanya mkutano mkubwa kila mwaka mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon huuza vipande vya ndege ambavyo mnunuzi anaviunganisha mwenyewe, na zaidi ya ndege 10,000 za aina hiyo zimesharuka.

Ndege hizi hazilazimiki kutimiza viwango vya usanifu vinavyozibana ndege za kiwandani. Mkaguzi huiangalia ndege na makaratasi yake kabla ya kutoa cheti, lakini hakuna mchoro mmoja wa umeme ambao kila muundaji analazimishwa kuufuata. FAA ina mwongozo wake, AC 43.13-1B, wenye sura nzima kuhusu umeme wa ndege. Uamuzi wa mwisho, hata hivyo, ni wa mwenye ndege.

Na wengi wanaoanza kazi hii wana uzoefu wa umeme wa magari tu. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu, au machungu.

Betri na oltaneta: nani anafanya nini?

Vifaa vyenyewe si vigeni. Fundi umeme wa magari wa gereji yoyote ya mtaani angevitambua karibu vyote.

Betri inazungusha stata ili injini iwake. Injini ikishawaka, oltaneta inachukua kazi: inalisha redio, taa na vifaa vya kuongozea ndege, huku ikiichaji betri. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.7. Oltaneta ikifanya kazi vizuri, kipimo kinapanda hadi kati ya 13.8 na 14.4.

Tofauti kubwa na gari iko kwenye injini. Ndege ndogo nyingi za pistoni huwasha plagi zake kwa magneto mbili, vifaa vinavyozungushwa na injini na kujitengenezea umeme wao vyenyewe. Magneto haijali betri ipo au haipo.

Ndiyo maana rubani anaweza kuzima umeme wote angani na propela ikaendelea kuzunguka. Kwenye gari la kisasa, ukikata umeme wote, safari imeisha.

Swichi ndogo inakataje umeme mkubwa?

Stata ya ndege inaweza kuvuta zaidi ya ampia 200. Swichi ya kidole haiwezi kupitisha mzigo huo. Ingeyeyuka.

Kwa hiyo umeme mkubwa haupiti kwenye swichi kabisa. Unapita kwenye kontakta, ambayo kimsingi ni rilei kubwa. Ndani yake kuna koili. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na njia kati ya betri na ndege nzima inafunguka.

Kazi ya nusu ya BAT ni kuiwasha na kuizima koili hiyo, basi. Koili inavuta chini ya ampia moja hivi, kwa hiyo waya mwembamba wa geji 20 au 22 unatosha. Kebo ya betri yenyewe huwa nene, geji 2 au 4.

Mpangilio uliozoeleka ni huu: upande mmoja wa koili unaunganishwa na chanya ya betri palepale kwenye kontakta. Upande wa pili unaletwa na waya mwembamba hadi kwenye swichi, na swichi inaupeleka ethi. Yaani swichi haikati chanya. Inakata ethi.

Faida yake? Waya huo ukichubuka na kugusa bodi ya ndege, hautawaka moto, kwa sababu koili yenyewe inazuia umeme usizidi. Hasara ni kwamba kontakta itashikilia muda wote na swichi haitaizima tena. Hiyo ni hitilafu ya kurekebisha kabla ya kuruka, ila si janga la moto.

Kuna mambo matatu ambayo anayefunga kwa mara ya kwanza anapaswa kuyaangalia:

- Kontakta ya betri iwe ya kufanya kazi muda wote. Kontakta ya stata inafanana nayo sana kwa sura, lakini imetengenezwa kushika kwa sekunde chache tu. Ukiiweka mahali pa kontakta ya betri, itaungua.

- Kontakta nyingi zenye vituo vitatu zimeunganisha koili na nguzo ya betri kwa ndani. Ukizigeuza, koili haipati umeme na ndege haiwaki hata taa. Zenye vituo vinne zinahitaji kiunganishi cha nje.

- Kontakta ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kipande cha kebo kutoka betri hadi kontakta huwa na umeme saa zote, hata swichi ikiwa imezimwa. Kikiwa kifupi, kuna kitu kidogo cha kukatika na kutoa cheche ndege ikianguka.

Kwa ndege za faibaglasi au mbao kuna jambo la ziada. Bodi yake haipitishi umeme, kwa hiyo kila ethi inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye hasi ya betri.

Dayodi ya bei ya karanga

Koili ikizimwa ghafla, sumaku yake inaporomoka na kurusha umeme wa volti nyingi kwa muda mfupi sana. Umeme huo unatafuta njia, na njia iliyo karibu ni kupitia swichi inayofunguka. Unatokea mwako mdogo ndani ya swichi. Ukirudiwa mara mia kadhaa, sehemu za kugusana zinaungua.

Dawa yake ni dayodi moja iliyofungwa sambamba na koili. Bei yake ni ndogo mno, lakini inaupa umeme huo mahali pa kuzunguka hadi uishe.

Upande una maana. Mstari uliochorwa kwenye dayodi unaelekea kwenye chanya. Ukiigeuza, siku ya kwanza ukibonyeza swichi umeme wa betri utapita moja kwa moja kwenye dayodi hadi ethi bila kizuizi. Dayodi itapasuka, au waya utaungua.

ALT: kuizima oltaneta bila kugusa waya wake mkubwa

Sasa tuje kwenye nusu ya pili.

Oltaneta inaweza kutoa ampia 40, 60 au zaidi. Lakini ndani yake kuna koili inayozunguka, na nguvu ya oltaneta nzima inategemea umeme mdogo unaoingia kwenye koili hiyo, ampia chache tu. Regulata ndiyo inayopima volti na kuongeza au kupunguza umeme huo. Ukikata umeme mdogo, mkubwa nao unakufa.

Kwa oltaneta yenye regulata ya nje, nusu ya ALT inafanya hivyo hivyo. Umeme unatoka kwenye ukanda mkuu wa kugawia, unapita kwenye breka ya ampia 5, kisha kwenye swichi, unakwenda kwenye regulata na kuishia kwenye koili. Waya mkubwa wa oltaneta unakwenda peke yake, kupitia fyuzi au breka yake nene.

Kwa hiyo ndani ya swichi moja kuna njia mbili zisizokutana: nusu moja inapeleka ethi, nyingine inapitisha chanya. Anayefunga asizichanganye.

Kwa nini ALT haiachwi peke yake?

Ukiiangalia swichi ile nyekundu kwa makini utagundua kitu. Unaweza kuwasha BAT peke yake. Lakini ukiwasha ALT, BAT inafuata. Na ukizima BAT, ALT nayo inazimika. Nusu hizo zimefungamanishwa kwa makusudi.

Sababu ni kwamba oltaneta ikishazunguka inaweza kujilisha. Ukiondoa betri, inaendelea kuchukua umeme wake yenyewe kutoka kwenye ukanda na kuupeleka kwenye koili yake. Betri imeondoka, umeme umebaki, tena umeme usiotulia.

Betri ndiyo inayotuliza mfumo. Fikiria nyumba ambayo pampu imeunganishwa moja kwa moja na mabomba bila simtanki. Ukifunga bomba moja ghafla, presha yote inahamia kwenye mabomba yaliyobaki. Vivyo hivyo, oltaneta isiyo na betri ikipunguziwa mzigo ghafla, volti inaruka juu kabla regulata haijawahi kuishusha. Redio na skrini za ndege haziwezi kuvumilia hilo.

Na kuna sababu ya pili, ile ya moshi. Rubani akizima BAT peke yake huku oltaneta inaendelea, waya unaoungua unaendelea kulishwa. Anaamini ameua umeme, kumbe moto bado una chakula.

Wapo wanaofunga swichi mbili tofauti, moja ya betri na nyingine ya oltaneta. Inafanya kazi, lakini usalama unabaki kwenye kumbukumbu ya rubani. Akiwa amepaniki, kumbukumbu si mlinzi mzuri.

Njia nyingine inayopendwa ni swichi moja ya hatua tatu: chini ni kuzima, katikati ni betri tu, juu ni betri na oltaneta. Haiwezekani kufika ALT bila kupita BAT. Wengine hutumia swichi rahisi ya kuwasha vyote au kuzima vyote kwa pamoja, na wakitaka kuzima oltaneta pekee wanachomoa breka yake ya ampia 5.

Zote tatu zinaonekana ndogo kwenye mchoro. Zinazokubalika kirahisi ni zile ambazo mkono hauwezi kuzikosea.

Mtego wa oltaneta ya gari

Hapa ndipo uzoefu wa gereji unapoweza kumponza mtu.

Oltaneta za magari ni nyepesi, za bei nafuu na imara, kwa hiyo waundaji wengi wa ndege huzitumia. Nyingi zina regulata ndani yake. Kuna waya mmoja mwembamba wa kuiamsha, na muundaji anauunganisha kwenye nusu ya ALT akidhani amemaliza.

Shida ni kwamba kwenye oltaneta nyingi za aina hiyo, umeme wa koili hautoki kwenye waya ule mwembamba. Unachukuliwa ndani kwa ndani, kutoka kwenye pato la oltaneta yenyewe. Waya mwembamba unatoa amri tu: amka, lala.

Siku transista ya regulata ikiungua na kushikana, koili inapata umeme wote muda wote. Volti inapanda: 15, 16, na kuendelea. Rubani anazima ALT, lakini aliyekuwa akisikiliza amri hiyo ndiye aliyeharibika. Oltaneta haisikii.

Akizima BAT mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu anaondoa kitu pekee kilichokuwa kinaizuia volti isiruke.

Baadhi ya betri za lithiamu zinaongeza utata. Zina mfumo wa ndani unaoweza kujikata volti ikizidi ili betri isiungue. Betri inajiokoa, na oltaneta inabaki na ndege.

Kwa hiyo ulinzi dhidi ya volti kupita kiasi si pambo. Kwa oltaneta yenye regulata ya nje, kifaa kinachotumika sana hufanya jambo linaloonekana la ajabu: volti ikifika kama 16, kinaishotisha kwa makusudi njia ya koili hadi ethi. Ile breka ya ampia 5 inaruka papo hapo na oltaneta inakufa. Ndiyo maana mahali hapo panawekwa breka, si fyuzi: rubani anaiona imeruka, na akihitaji anaweza kuirudisha.

Kwa oltaneta yenye regulata ya ndani, wengine huibadilisha ili itumie regulata ya nje. Wengine huweka kontakta ya pili kwenye waya wake mkubwa, inayofunguka volti ikizidi.

Mkono uifikie bila kutafuta

Swichi iliyofungwa vizuri lakini isiyofikika haina faida. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani zilidai mambo mawili: sehemu ya kukatia umeme iwe karibu na chanzo chake, na swichi iwe inatambulika na kufikika kirahisi rubani akiwa angani. Anayejiundia ndege halazimiki kuyafuata, lakini historia inamshauri ayafuate.

Oktoba 12, 1997, mwanamuziki John Denver alifariki ndege yake aina ya Long-EZ, iliyoundwa na mtu binafsi, ilipoanguka baharini karibu na Monterey, California. Tatizo halikuwa umeme. Wachunguzi wa NTSB walisema alipoteza udhibiti wa ndege akihangaika na kishikio cha kubadilishia tanki la mafuta, ambacho muundaji alikiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, bila alama. Uamuzi huo wa muundaji ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali.

Somo linahusu swichi kuu pia. Mtu aliyefunga mikanda, anayekohoa moshi, anatakiwa aifikie bila kugeuka na aitambue kwa kupapasa.

Na injini isiyokuwa na magneto je?

Utaratibu wa "moshi ukitokea, zima vyote" ulitokana na injini za magneto. Siku hizi ndege nyingi za kujiundia zina mitambo ya kielektroniki ya kuwasha plagi na pampu za mafuta za umeme. Hapo ukizima umeme wote, unaweza kuwa umezima na injini.

Suluhisho linalotumika ni kuilisha injini kwa njia yake yenyewe, inayotoka kwenye betri kabla ya kontakta, ikiwa na fyuzi na swichi zake. Swichi kuu ikizimwa, redio na taa zinakufa lakini injini inaendelea.

Wazo linalokaribiana na hilo lilienezwa na mhandisi Mmarekani Robert Nuckolls, mwandishi wa kitabu cha The AeroElectric Connection. Ni ukanda mdogo wa vifaa vya lazima tu, ambao oltaneta ikifa unaweza kulishwa moja kwa moja na betri bila kupitia kontakta.

Hesabu inaonyesha maana yake. Betri ya ampia-saa 16 yenye mzigo wa ampia 8 inadumu saa mbili kwenye karatasi. Ukipunguza mzigo hadi ampia 4, zinakuwa saa nne. Na kontakta peke yake hula karibu ampia moja bila kumsaidia rubani chochote. Betri iliyochoka itatoa pungufu ya hapo, lakini uwiano ni ule ule.

Ila kila njia ya ziada ni njia ambayo swichi kuu haiikati. Anayeiongeza anatakiwa aiandike jina na kuiingiza kwenye orodha ya dharura. La sivyo atakayenunua ndege hiyo kesho atazima swichi nyekundu akidhani amemaliza kazi.

Ukaguzi wa dakika chache

Makosa mengi kati ya haya yanaweza kuonekana ndege ikiwa chini, kwa kutumia kipimo cha volti kilichopo kwenye dashibodi:

- Kabla ya kuwasha injini, washa BAT pekee. Utasikia kontakta ikigonga. Kipimo kisome karibu 12.5 au zaidi. Kikiwa chini sana, betri imechoka au haina chaji.

- Injini ikiwaka, washa ALT. Volti ipande hadi 13.8 au zaidi, lakini isipite 14.5 hivi.

- Zima ALT injini ikiwa inazunguka taratibu na vifaa vingi vimezimwa. Volti irudi chini. Isiporudi, oltaneta haisikii amri, na ndege isiruke hadi sababu ijulikane.

- Safari ikiisha na injini ikiwa imezimwa, zima swichi kuu na hakikisha kila kitu kwenye ukanda mkuu kimekufa. Taa ikibaki inawaka, kontakta imeganda au waya wake umegusa bodi.

Jaribio hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na linajibu lile swali la moshi: ikizimwa, umeme utakatika kweli? Ni afadhali jibu lipatikane ndege ikiwa imeegeshwa.